Mama aliyekuja kung'arisha meno

Alikuja Jumatano, siku ya soko la Tengeru, kanga yake bado ikinukia ndizi mbivu. Mama wa miaka 49, mzaliwa wa Maji ya Chai, muuza ndizi za kupika kwa jumla. Hakuja kwa kuumwa. Aliletwa na binti yake wa kwanza, ambaye sendofu yake ilikuwa imebaki wiki 4, na ombi lilikuwa moja tu: meno ya mama yang'arishwe kabla ya picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenye shida na meno yangu ni huyu hapa. Mimi nimeshayazoea."

Aliyasema hayo kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Nilidhani ni aibu ya mgonjwa mgeni. Baadaye binti aliniambia mama yake amekuwa akiongea na kucheka hivyo tangu alipopata akili za kumtazama.

Mimi ni tabibu wa meno katika kliniki ndogo kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mama mwenyewe, nikiwa nimebadilisha mambo machache yasiyohusu ugonjwa ili asitambulike sokoni. Kuna sehemu moja nilikosea, na nitaieleza ilivyokuwa.

Alivyokuwa akisafisha

Huwa namwuliza mgonjwa anavyopiga mswaki kabla sijafungua mdomo wake, maana akishaniona nimekunja uso atanijibu ninachotaka kusikia. Huyu hakuficha kitu. Kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akitwanga mkaa, anachanganya na chumvi, anasugua asubuhi kwa mswaki mgumu. "Laini haukwangui," alisema. Jumapili kabla ya kanisa anaongeza limau. Usiku anasukutua maji na kulala. Nyama ikinasa anatumia kijiti.

Nikamwuliza kuhusu damu.

"Inatoka, hasa huku chini. Ikitoka napaacha pale papumzike."

Jibu hili nililiandika kwenye faili lake neno kwa neno. Nusu ya ugonjwa wake ilikuwa humo.

Mengine kwa ufupi: hatumii ugoro wala sigara. Anameza amlodipini kwa ajili ya presha, dawa ambayo kwa baadhi ya watu huufanya ufizi unenepe, kwa hiyo nilijua lazima nitazame hilo. Sukari hakuwahi kupimwa tangu mimba yake ya mwisho. Gego moja la chini kulia liling'olewa zamani, na tangu hapo anatafunia kushoto. Na kulikuwa na jambo ambalo mama hakulisema. Binti alinifuata mlangoni mama akiwa ameshakaa kitini, akaninong'oneza kwamba kuna harufu, na kwamba nyumbani hakuna anayethubutu kumwambia.

Rangi ya mbele

Nilipomwomba ashushe kiganja niliona kilichowaleta. Meno ya mbele ya juu yalikuwa na mabaka ya kahawia, mengine mepesi kama chai ya rangi, mengine yamekolea, na katikati yake mistari myeupe isiyong'aa kama chokaa. Binti alikuwa na hakika kwamba huo ni ukoga wa miaka. Mama naye aliamini hivyo, ndiyo maana ya mkaa.

Anayefanya kazi huku hawezi kulikosea hilo kwa muda mrefu. Hii ni floraidi, madini yanayokuwa ndani ya maji. Maji ya visima na mito mingi ya miteremko ya Mlima Meru na Bonde la Ufa yana floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanaumbwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi, gamba la jino, yaani tabaka gumu la nje, huumbika likiwa na kasoro, kisha hudaka rangi baada ya jino kuota. Magadi ya kulainishia makande na maharage huongeza floraidi juu ya ile ya maji. Wapo wanaosema meno huwa na rangi ya chai kwa sababu maji yenyewe yana rangi hiyo. Sivyo: floraidi haina rangi wala ladha ya kukutahadharisha, na maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo tele. Wala si jambo la Meru peke yake. Daktari wa meno Frederick McKay alipofika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta watu wenye meno ya kahawia yasiyofutika, na sababu haikujulikana hadi 1931.

Rangi hiyo imo ndani ya jino. Mkaa hauifikii. Mkaa wa mama huyu ulikuwa umefanya kazi nyingine: kwenye shingo za chonge na magego madogo ya juu, upande wa nje, ulikuwa umechimba mitaro, na ufizi ulikuwa umepanda ukaacha mzizi wazi. Limau la Jumapili lilikuwa limelainisha gamba, mkaa ukalikwangua. Ndiyo sababu maji baridi yalikuwa yakimtia ganzi ya meno, jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa uzee.

Kwa hiyo mahali palipoonekana pachafu palikuwa pasafi kupita kiasi. Palisuguliwa hadi pakaumia.

Ukoga wa nyuma

Kisha nikaweka kioo kidogo nyuma ya meno ya mbele ya chini.

Meno yote 6, kutoka chonge hadi chonge, yalikuwa yameunganishwa na ukuta mmoja wa ukoga mgumu. Ulikuwa wa manjano kuelekea kahawia, umepanda karibu nusu ya kimo cha meno, huwezi kuona jino moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Kwenye ukingo wa ufizi ulikuwa mweusi. Nilipopitisha ncha ya chuma ilisikika kama kisu kinachokwaruza sufuria lenye ukoko. Ukoga mwingine ulikuwa upande wa nje wa magego ya juu, mbele ya shavu, na wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Hilo lilipatana na maelezo yake: upande usiotafunia hausuguliwi na chakula.

Mahali hapo pawili si pa bahati mbaya. Chini ya ulimi kuna matundu ya tezi za mate, na mate yake humwagikia moja kwa moja nyuma ya meno ya mbele ya chini. Tundu lingine kubwa liko ndani ya shavu, mkabala na gego la juu. Mate yana kalsiamu na fosfeti. Hayo ni madini mazuri kwa jino, lakini hayachagui: yakikuta utando laini wa bakteria uliokaa bila kuguswa, nao huugandisha. Ukoga laini hurudi saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Ukiachwa, ndani ya siku chache huanza kunasa madini, na kwa watu wengi wiki 2 au 3 zinatosha kuufanya jiwe. Wapo wanaogandisha haraka kuliko wenzao kwa mswaki uleule, kwa sababu ya mate yao tu. Mama huyu, kama tutakavyoona, ni mmoja wao.

Jiwe lenyewe si sumu. Ubaya wake ni kwamba lina vinyweleo na mikwaruzo kama tofali la kuchoma, na juu yake hukaa ukoga mpya ulio hai, ambao mswaki hauwezi tena kuutoa. Ufizi hukaa umegusana na bakteria hao usiku na mchana, unavimba, unatoka damu, kisha unaanza kuachana na jino. Ukishaachana, unapata mfuko. Ukoga unashuka mfukoni na kugandia humo, safari hii ukiwa mweusi kwa sababu ya mabaki ya damu, na huko hata mgonjwa mwenye kioo kizuri hauoni.

Nilipima mifuko kwa kijiti chenye alama za milimita. Hadi milimita 3 huwa hatushtuki. Nyuma ya meno ya mbele ya chini nilipata 5, kwenye magego ya juu kulia 6. Karibu kila nilipogusa palitoka damu. Meno mawili ya katikati chini yalikuwa yakicheza kidogo kwa kidole. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeliwa karibu theluthi moja ya urefu wa mizizi hapo mbele chini. Ufizi haukuwa umenenepa kwa namna ile ya dawa ya presha, kwa hiyo hilo nililiweka kando. Sukari tulikuja kupima asubuhi nyingine kabla hajala. Ilikuwa sawa. Isingekuwa sawa, mpango mzima ungebadilika, maana kisukari na ugonjwa wa ufizi huchocheana.

Hakuna kilichokuwa kikimwuma. Watu wengi hungoja maumivu ndipo waje, lakini ugonjwa huu huweza kula mfupa miaka 10 bila kumkosesha mtu usingizi hata siku moja.

Hoja ya shangazi

Nilimpa mama kioo, nikaelekeza taa, nikamwonyesha nyuma ya meno yake mwenyewe. Alinyamaza. Binti akasema, "Kwa hiyo hatung'arishi?"

Nikawaeleza kwamba dawa ya kung'arisha juu ya ufizi unaotoka damu na mizizi iliyo wazi itamtesa, na haitafuta mabaka. Inaweza hata kuyafanya meupe yake yaonekane zaidi. Kwanza tuondoe ukoga, ufizi upone, rangi tuizungumze baadaye.

Hapo mama akatoa alichokuwa nacho moyoni. Shangazi yake alisafishwa meno hospitali, na baada ya mwaka yakaanza kung'oka. "Mkiyasafisha mnayalegeza. Kila mtu anajua."

Nimekuwa nikiisikia hoja hii tangu nikiwa chuoni, na walimu wetu walitufundisha kuijibu kwa neno moja: imani potofu. Mimi siipuuzi hivyo, kwa sababu mtu aliyeisema mara ya kwanza aliona kitu cha kweli. Jino ambalo mfupa wake umeliwa linaweza kuwa limeshikwa na ukoga mgumu uliolifunga na wenzake, kama vijiti vilivyozibwa kwa saruji. Ukitoa saruji, jino linacheza. Lilikuwa limelegea tangu zamani, ila lilikuwa limefungwa pamoja na mengine. Shangazi alikwenda akiwa amechelewa, akasafishwa, na lawama akaiweka kwa mtu wa mwisho kuyagusa meno yake. Ningekuwa yeye labda ningesema vilevile.

Nilimweleza mama hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba ukoga ule ukibaki, mfupa utaendelea kuliwa chini yake, na siku saruji itakapomeguka yenyewe akitafuna mhogo, itaondoka na jino. Alifikiri kidogo, akasema, "Anza."

Nilipokosea

Siku hiyo ya kwanza nilitoa ukoga wa juu ya ufizi tu. Mashine tunayotumia ina ncha ya chuma inayotetemeka zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde, huku ikirusha maji ili isichome. Mitetemo ndiyo inayopasua ukoga. Ncha ikilazwa vizuri ubavuni mwa jino haikwangui gamba. Ukuta wa nyuma ulianza kumeguka vipande, kimoja kikubwa kama punje ya mchele, na nikakiweka kwenye kipande cha shashi amwonyeshe binti yake. Nilikuwa nimefurahi. Kazi ya kutoa ukoga inaridhisha kama kusafisha bomba lililoziba, na furaha ile ilinisahaulisha kitu.

Alipopitisha ulimi alishtuka. Nyuma ya meno, mahali alipokuwa amezoea ukuta laini, sasa palikuwa na kingo, mianya na upepo. Akaomba kioo. Kati ya meno ya chini, chini karibu na ufizi, kulikuwa na matundu meusi ya pembe tatu ambayo hayakuonekana saa moja kabla.

"Mmenitoboa meno."

Nilikuwa nimemweleza habari ya kulegea. Habari ya mianya sikumweleza. Ukoga ulikuwa umejaza nafasi ambayo ufizi uliiacha uliposhuka, na nilipoutoa nafasi ikabaki wazi. Tena ufizi uliovimba ukipona husinyaa, kwa hiyo mianya hiyo ingeongezeka kidogo wiki zijazo, si kupungua. Na mizizi iliyokuwa imefunikwa na ganda sasa ilikutana na hewa: maji, chai, hata pumzi ya asubuhi ingemtia ganzi kwa siku kadhaa au wiki chache. Mambo hayo huelezwa kabla mashine haijawashwa. Ukiyaeleza baada ya kazi, yanasikika kama kujitetea.

Aliondoka akiwa amekasirika kwa adabu, jinsi watu wazima wa huku wanavyokasirika: alinishukuru, akalipa, hakuchukua tarehe ya kurudi.

Siku tatu baadaye alirudi. Shangazi alikuwa naye. Nilimkalisha shangazi pale pembeni mwa kiti, nikawaomba radhi wote wawili, nikawachorea kwenye karatasi jino, ufizi ulipokuwa zamani, ufizi ulipo sasa, na ukoga ulivyojaza katikati. Shangazi aliangalia ule mchoro muda mrefu. Kisha akauliza swali la mtu aliyeelewa: "Kwa hiyo mimi nilitobolewa na ukoga, siyo na daktari?" Nikamjibu kwamba meno yake sikuyaona, siwezi kuapa, lakini inawezekana sana.

Mama naye alikuwa na habari. "Ganzi ipo. Lakini damu asubuhi ya leo ilikuwa kidogo."

Wiki zilizofuata

Kazi ya chini ya ufizi niliifanya kwa mara 2, kwanza upande wa kulia, wiki iliyofuata wa kushoto, kwa sindano ya ganzi. Humo mifukoni mashine peke yake huniachia mashaka, kwa hiyo namalizia kwa vyuma vya mkono vilivyopinda, nikisikiliza kwa vidole hadi mzizi usikike laini. Dawa ya kuua bakteria ya kumeza sikumwandikia. Wagonjwa wengi huiomba, na wengine huinunua wenyewe dukani, lakini vidonge havipasui jiwe. Dawa ya kusukutua ya kloroheksidini nilimpa kwa siku chache tu, kwa sababu ikizoeleka inatia meno rangi ya kahawia, na huyu rangi alikuwa nayo ya kutosha.

Muda mrefu zaidi niliutumia kwenye mswaki. Nilimpaka rangi ya kuonyesha ukoga, ile inayoshika ukoga na kuacha jino, kisha nikamwomba apige mswaki mbele yangu kama nyumbani. Alisugua mbele kwa nguvu, pembeni kidogo, akatema. Nje kulikuwa safi. Nyuma ya meno ya chini kulikuwa kwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, mswaki haukuwa umefika hata mara moja. Hakuwa mvivu. Alikuwa akisafisha alichokiona kwenye kioo.

Tukaanza upya. Mkaa na limau basi. Mswaki laini, ulalie ufizi kwa mshazari, nusu ya nywele zake juu ya jino na nusu ukingoni mwa ufizi, mitikisiko midogo, meno mawili mawili. Kwa nyuma ya meno ya chini unausimamisha mswaki wima na kutumia ncha yake. Dakika 2 asubuhi, dakika 2 usiku, na ya usiku ndiyo kubwa kwa sababu mate hupungua tukilala. Kwenye mianya mipya uzi wa meno haungefaa sana, nafasi ni pana. Nilimwonyesha brashi ndogo za kupitisha katikati ya meno, ambazo kwa bahati maduka ya dawa ya Arusha mjini yanazo. Ile mianya aliyoilalamikia ilikuwa sasa njia ya kusafishia.

Aliuliza kama anaweza kutumia mswaki wa mti, ule wanaouza Wamasai sokoni. Anaweza. Mti wa mswaki umetumika pwani na bara kwa karne nyingi, na Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1986 mahali unapopatikana. Ila kijiti ni kama mswaki wa plastiki: kikikwangua mbele tu, nyuma patabaki vilevile. Ukitafunwa ncha ikawa laini, na ukaingizwa nyuma, unafanya kazi.

Jambo gumu lilikuwa kumshawishi asugue mahali panapotoka damu. Alikuwa amepapumzisha miaka. Nilimsimulia jaribio la Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, lililochapishwa 1965. Watu 12 wenye ufizi mzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Ndani ya wiki 3 wote walikuwa na ufizi uliovimba. Wakarudia mswaki, na katika siku 7 hadi 10 ufizi ukapona. Hawakupewa dawa yoyote. Damu inatoka kwa sababu pamelala ukoga, na ukipaacha unauongeza. "Siku 10," alirudia mama, kama anayepatana bei. "Basi nitakupa hizo 10."

Na akaniuliza swali ambalo wagonjwa wachache huuliza, nami nililipenda. "Unasema floraidi ndiyo iliyoniharibu meno. Mbona dawa ya meno uliyoniandikia imeandikwa floraidi?"

Nilimjibu kwamba floraidi ya maji ilimkuta meno yake yakiwa bado yanaumbwa, na aliimeza kila siku. Sasa gamba limeshaumbika, haliwezi kupata mabaka mapya. Dawa ya meno inagusa jino kwa nje na kutemwa, na yeye ana mizizi iliyo wazi inayooza kirahisi kuliko gamba. Kwa mtoto mdogo wa Maji ya Chai ushauri ungekuwa na tahadhari zaidi: kiasi cha punje ya mchele, mzazi akisimamia ateme povu, na kazi kubwa ya familia iwe kutafuta maji mengine ya kunywa na kupikia, ya mvua au yaliyochujwa. Kule Ngurdoto, jirani tu, kuna kituo cha utafiti cha serikali ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikipunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Binti, aliyekuja kwa ajili ya picha, ndiye aliyeandika hayo kwenye simu yake.

Kuhusu dawa za meno zinazotangazwa kuwa zinazuia ukoga: zile zenye zinki au pirofosfeti hupunguza kasi ya ukoga mpya kuganda juu ya ufizi. Ukoga uliokwisha kuganda haziuyeyushi. Wala siki, wala magadi, wala maganda ya ndizi, ambayo mama alinitajia akicheka kwa kuwa anayo ya bure. Chochote chenye uwezo wa kuyeyusha jiwe la kalsiamu na fosfeti kitayeyusha jino pia, kwa kuwa vimeumbwa kwa madini ya jamii moja. Na sindano au kisu cha kujikwangulia nyumbani, nimeona matokeo yake kwenye fizi za watu.

Baada ya wiki 8

Nilimpima tena wiki ya 8 baada ya usafi wa mwisho. Mapema zaidi ya hapo ni kuusumbua ufizi unaopona. Mifuko ya milimita 5 nyuma ya meno ya mbele ilikuwa imerudi 3. Ile ya 6 kwenye magego ya juu ilikuwa 4, isipokuwa mmoja, katikati ya mizizi ya gego la mwisho kulia, uliobaki 5 na kutoka damu. Ule niliusafisha tena na bado naufuatilia. Sina hakika kama utakubali. Meno mawili yaliyokuwa yakicheza yalikuwa yamekaza. Si kwa mfupa kurudi, mfupa ulioliwa kwa namna hii haurudi hivi hivi, bali kwa sababu ufizi uliopona hushika. Mianya ilikuwa imeongezeka kidogo kama nilivyomwambia, na safari hii nilikuwa nimemwambia mapema. Ganzi ilikuwa imekwisha isipokuwa kwenye mitaro ya mkaa, ambayo nimeiziba.

Sendofu ilikuwa imeshapita. Mabaka yalikuwa palepale. Nilimweleza njia zilizopo za kuyapunguza: kusugua kidogo tabaka la juu kwa dawa maalumu, au kuyafunika kwa dawa ya kuzibia ya rangi ya jino. Akauliza bei, akauliza kama yana madhara, akasema atafikiri. Binti yake alinionyesha picha za sherehe kwenye simu. Kiganja hakikuwepo, mdomo umefungwa kwenye picha nyingi, kwenye chache umefunguka. Harufu, alisema, imekwisha, na bado hakuna aliyemwambia mama kwamba iliwahi kuwepo.

Tulipanga arudi kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza. Kwa mtu mwenye ufizi mzima mara 1 au 2 kwa mwaka hutosha, lakini huyu alikuwa na mifuko, na nilitaka kuona mate yake yanafanya nini.

Alirudi baada ya miezi 3, Jumatano tena. Kabla sijawasha taa alikuwa ameshaingiza ulimi nyuma ya meno ya chini.

"Upo, hapa katikati. Nimeuhisi tangu wiki iliyopita."

Niliweka kioo. Uzi mwembamba wa manjano, kwenye meno mawili tu, mkavu. Ilichukua dakika 5 kuutoa. Aliniomba kioo, akatazama nyuma ya meno yake kwa makini, akaniambia nimeacha kidogo upande wa kushoto. Ni kweli, nilikuwa nimeacha.